Nyuzi Nne Kwenye Jokofu la Damu

Isome taratibu kabla hujamtumia mwenzako, hasa kama ni mtu wa njia za mkato.

Katika hospitali moja ya milimani palikuwa na seva kuukuu iliyolinda jokofu la damu kwa miaka kumi na saba. Joto likipanda kupita nyuzi sita, ilipiga king'ora. Kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Mganga mkuu akataka programu mpya ya kusimamia seva zote kutoka ofisini. Lusajo, fundi wa kompyuta, akaanza kuiweka. Seva ikakataa: "Mfumo huu ni wa zamani. Haiwezekani."

"Imesema haiwezi, mwanangu," alisema Bi Atupele, mtunza damu. "Iache na uzee wake."

"Mashine hizi zina ujanja wake, mama."

Akaingia kwenye mafaili ya mfumo, akabadilisha namba ya toleo ili seva ijitambulishe kuwa mpya. Ikakubali papo hapo. Kompyuta mpakato ya Lusajo ikaandika: Jokofu, nyuzi nne. Seva nzima.

Jumanne, nyuzi nne. Jumatano umeme ukakatika kutwa kucha, jenereta nayo ikagoma, na bado nyuzi nne. Lusajo aliona si kawaida, lakini akaendelea na kazi zake. Bi Atupele alisubiri king'ora kama alivyozoea. Hakikulia.

Alhamisi asubuhi akaletwa Tusekile, dada yake Lusajo, akivuja damu baada ya kujifungua.

"Damu ipo," Lusajo alimwambia daktari, macho kwenye kioo cha kompyuta yake. "Chupa sita, nyuzi nne."

Bi Atupele akafungua jokofu. Fukuto likampiga usoni. Chupa zote sita zilikuwa vuguvugu, zimeharibika.

Lusajo akakimbilia seva. Ilikuwa baridi, haina hata taa moja. Ilikufa siku ileile alipoilazimisha. Akachomoa waya wa mtandao, akarudi nao mkononi kwenye kompyuta yake. Kioo kilikuwa kinamngoja: Nyuzi nne. Seva nzima.

Alitoa damu yake mwenyewe, ndugu nao wakapanga foleni, lakini walichelewa. Tusekile alizikwa Jumamosi.

Bi Atupele hakumfokea. Alimshika mkono pale makaburini, akasema kwa uchungu, "Uliifundisha kudanganya umri wake, mwanangu. Ulidhani itaishia hapo?"

Funzo: Anayekwambia "siwezi" amekupa ukweli wake. Ukimlazimisha aseme "naweza", usitegemee kuusikia tena.