Shikamoo za Kisimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakibishiana hodi na kuombana chumvi, ukame uliingia nchini. Mto ulikauka. Kilibaki kisima kimoja tu, ambacho Tembo alikichimba mchangani kwa mkonga wake.

Kila asubuhi Tembo, Nyati na Kifaru walikunywa kwanza. Walipoondoka lilibaki tope, na wadogo walililamba wakanyamaza.

Siku moja Digidigi alikuja na binti yake, Mwanamvua. Ulimi wa mtoto ulikuwa mkavu kama gome la mti, na miguu ilimtetemeka.

"Shikamoo, babu Tembo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Subiri zamu yako."

"Babu, mtoto huyu akilamba tope tena hatamaliza wiki. Anywe kidogo tu."

"Sina roho mbaya," alisema Tembo. "Ni utamaduni. Mkubwa kwanza."

Digidigi aliinamisha kichwa kwa adabu. "Sisi wadogo hatujui mengi. Utamaduni hasa ni nini, babu?"

"Ni heshima. Mdogo akitoa shikamoo, mkubwa anaitikia, hata nyumba ikiwa inaungua. Tangu nizaliwe sijaacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini."

"Wacha wee," alidakia Kifaru. "Utamaduni ni ngoma. Ngoma ikilia nawe umekaa, basi huna kwenu."

"Nyie wawili hamjui kitu," alisema Nyati. "Ni kufanya walivyofanya wazee."

Walibishana huku wakinywa, gubu, gubu, gubu, mpaka maji yakaisha. Mwanamvua alilamba tope. Mama yake akapita nyumba kwa nyumba, akinong'ona na majirani.

Asubuhi iliyofuata, Tembo alipoteremsha mkonga kisimani, sauti ndogo ilisikika nyuma yake.

"Shikamoo, babu."

Alikuwa Kindi. Tembo aliutoa mkonga. "Marahaba."

"Bibi hajambo? Na lile goti lake?"

"Hajambo. Goti limepoa kidogo."

Tembo aliinama tena.

"Shikamoo, babu." Panya huyo. Nyuma yake Sungura, na nyuma ya Sungura Kobe, ambaye salamu zake zilikuwa ndefu kuliko safari zake. Nyuma ya Kobe mstari ulifika mpaka vichakani. Kila aliyekwisha kusalimia alizunguka kisima, akanywa taratibu, akaenda zake.

Upande wa pili Nungunungu alitikisa miiba yake, chaka-chaka-chaka. Kanga wakapiga mbawa. Kifaru alijaribu kusimama imara. Mguu mmoja ulimkana, kisha wa pili. Puu, puu, puu, akacheza mpaka ng'ambo ya mto mkavu.

Nyati, aliyekuwa akingoja Tembo aanze kama walivyofanya wazee, ndiye aliyeshtuka.

"Tembo, tunachezewa. Hebu geuka."

Tembo akageuka. Mwanamvua alikuwa ameinamia maji, akinywa kwa macho yaliyofumbwa. Tembo aliinua mguu wake mzito. Digidigi akajitupa mbele ya mwanawe. Chaka-chaka ikakatika.

Mtoto akainua uso, maji yakimdondoka mdomoni.

"Shikamoo, babu."

Mguu ukabaki hewani. Wote walimtazama Tembo. Naye alimtazama yule mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema hatimaye, akaushusha mguu polepole, pembeni. "Maji ni matamu?"

"Matamu sana."

"Basi kunywa ushibe."

Nyati alikunja uso. "Na utamaduni wetu je?"

"Ni yote mliyoyasema," Digidigi alijibu. "Heshima, ngoma na njia za wazee. Lakini watoto wakifa, babu Nyati, nani atawaamkia? Nani atacheza? Nani atafanya mlivyofanya ninyi?"

Nyati alikwenda kando, akaanza kuparua mchanga kwa kwato. Tembo akamfuata na mkonga wake, na kabla jua halijatua walikuwa wamechimba kisima cha pili. Asubuhi yake watoto walikunywa kwanza, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu hapo.

Mimi nilichokichota kisimani humo ni hiki: utamaduni usiomnywesha mtoto hukauka pamoja naye.