Behewa la Tajiri Lugome

Tajiri Lugome aliingia ofisi ya kukodisha mabehewa akifoka. Behewa lake la nyanya lilikuwa mkiani mwa treni, la mfanyabiashara mwenzake, Bi Nyamizi, mbele, na linalotangulia ndilo hupakuliwa kwanza.

“Tubadilishe, la sivyo kibarua chako kitaota nyasi!”

Sikitu, karani wa huduma kwa wateja, akajikunyata. “Chonde mzee, nyanya za Bi Nyamizi zimeiva mno. Baki nyuma.”

“Zioze! Nitangulize mimi.”

Sikitu akaandika, Lugome akatia saini kwa mbwembwe.

Kesho yake mchana akapiga simu. “Nyamizi ameshauza zote, mimi hata sijapakua!”

“Pole, mzee. Kwenye makutano ya reli, injini huhamishiwa upande wa pili, mkia ukawa kichwa. Si nilikusihi ubaki nyuma?”