Insha Mikononi mwa Kinyonga

Chumba cha idara ya Kiingereza kilikuwa na madirisha mawili, moja halifunguki na jingine halifungiki. Siku ya kutangazwa kwa tuzo ya uandishi, wanafunzi walisongamana humo kama njugu guniani. Mkuu wa idara, mama mrefu aliyezoea kusema polepole, hakuwa na maneno mengi. Mshindi angelipiwa ada ya mwaka wote wa mwisho. Wa pili angepewa vitabu. Waliobaki wangepewa makofi.

"Na utaratibu ni ule ule," alisema. "Hakuna atakayesoma insha yake mwenyewe mbele ya waamuzi. Kila mtu atachagua mshindani mwenzake amsomee. Tunataka kusikia maandishi, si kilio cha mwandishi."

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Sindano. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alilelewa katika duka la ushonaji la shangazi yake, na kwa sababu ulimi wake ulichoma. Ada ya mwaka wa mwisho hakuwa nayo. Shangazi alikwisha kumwambia bila kupaka mafuta kwamba pasipo ufadhili, chuo ndiyo basi. Angerudi kukaa kwenye cherehani ya pili. Lakini insha yake ilikuwa tayari, na aliujua uzito wake. Ilimhusu mdogo wake aliyezaliwa kiziwi, na jinsi nyumba nzima ilivyojifunza kusema kwa mikono.

Kilichomnyima raha kilikuwa kijana mmoja mkimya, mwenye shati lililopigwa pasi kila siku, ambaye watu walimwita Kinyonga. Mwaka uliotangulia insha yake ilishika nafasi ya pili, na papo hapo ikazuka minong'ono kwamba aliiba wazo la msichana mmoja aliyeacha chuo. Hakuna aliyethibitisha. Hakuna hata aliyemuuliza. Lisemwalo lipo, walisema wenzake, na aliyelisema kwa sauti kuliko wote alikuwa Sindano.

Tangu hapo alimwona Kinyonga kila mahali. Akiwa maktaba, huyu hapa nyuma yake. Akienda mkahawani, yule pale, amejifanya anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Siku moja Kinyonga alimuuliza, "Unaandika kuhusu nini?" Sindano akaikumbatia insha yake kifuani kama kuku anayefunika vifaranga baada ya kuona kivuli cha mwewe.

Jumamosi alikwenda dukani kwa shangazi. Shangazi alikuwa akipinda gauni, pini zimejipanga mdomoni.

"Utamchagua nani akusomee?" aliuliza kupitia pini.

"Kicheko. Rafiki yangu."

"Yule aliyekuja kuchukua sketi yako, akapiga soga, akaondoka bila sketi?"

"Ndiye. Lakini ana moyo mzuri, shangazi."

"Moyo sikatai. Na huyo mwizi wako je?"

"Huyo namkwepa kama ukoma."

Shangazi alitoa pini zote mdomoni, ishara kwamba sasa anasema kweli. "Ukimkwepa, umemwacha huru. Insha yako ikifanana na yake, ikichafuliwa, atasema: mimi ningejuaje? Nikuambie jambo. Kitambaa cha bibi harusi simpi fundi ninayempenda. Nampa yule ninayemshuku kuwa ananiibia vipande, tena nampa mbele ya watu. Huyo huwa harudishi pungufu hata uzi. Mchawi mpe mwana alee."

"Na akimla?"

"Amle vipi, na mtaa mzima unajua mwana yuko kwake?"

Maneno hayo yalimwingia Sindano polepole, kama dawa chungu. Jumatatu, chumba cha idara kikiwa kimejaa, alimwendea Kinyonga na kumnyooshea insha.

"Utanisomea wewe."

Kicheko alimtazama kama mtu aliyemwona mwenzake akiingia mtoni na nguo.

"Mimi?" Kinyonga aliuliza.

"Wewe. Una sauti nzuri."

"Hujawahi kunisikia nikisema zaidi ya maneno matano."

Wachache wakacheka. Kinyonga aliipokea insha kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akafungua mkoba wake na kutoa yake. "Basi yangu usome wewe."

Sindano angekataa, lakini macho yote yalikuwa kwake. Aliichukua. Sasa walikuwa wachawi wawili, kila mmoja kambeba mwana wa mwenzake.

Shaka haikumtoka, bali ilizaa. Haikupita siku nyingi, Kicheko alikuja akihema. "Nilikuonya mimi. Nimemwona kwa mzee wa nakala. Anatoa nakala za insha yako."

Sindano alifika kwenye duka la nakala kama moto wa nyika. Mzee wa nakala hakuinua hata kichwa. "Alitaka herufi kubwa, binti. Anasema zikiwa ndogo atakwama, na akikwama mtamchinja. Sasa wewe umekuja na kisu?"

Jibu lilikuwa zuri mno, na kwa Sindano jibu zuri mno lilikuwa sababu nyingine ya kushuku. Alipoelekea darasani, Kinyonga mwenyewe alimsimamisha kwenye ngazi.

"Umeme ukikatika nyumbani kwenu, huyo mdogo wako mnasemaje naye?"

"Si imo humo ndani?"

"Imo sentensi moja tu. Mikono haionekani gizani. Mnafanyaje?"

"Tunanyamaza. Mpaka mtu aupate mkono wa mwenzake, amwandikie kiganjani." Alisita. "Unataka kujua ili iweje?"

"Ahsante," alisema Kinyonga, akashuka zake. Sindano alibaki ameshika ukuta, akiwaza kwamba hata mwizi huuliza mlango uko upande gani.

Siku yenyewe ikafika. Waamuzi watatu waliketi mbele ya ukumbi, kalamu mikononi. Wa kwanza kusoma alikuwa Kicheko, aliyechaguliwa na mshindani mmoja mnene wa maneno aitwaye Kamusi. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Kicheko alianza kwa madaha, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akajikuta amezika mhusika ambaye hajaugua. "Samahani ndugu yangu," alisema akicheka, "si unanijua mimi." Kamusi alifunika uso kwa viganja. Ilikuwa dhahiri kwamba msomaji hakuwa ameifungua insha hiyo tangu aipokee. Alikuwa na hakika kwamba rafiki atamsamehe. Sindano aliikumbuka sketi yake. Hiyo ingekuwa insha yake.

Kisha akaitwa yeye, amsomee Kinyonga.

Insha hiyo alikuwa ameirudia mpaka maneno yakauzoea ulimi wake. Ilimhusu kaka aliyefariki na kuacha mashati, na mdogo mtu aliyeyapiga pasi kila asubuhi, akisubiri kukua hadi yamtoshe. Kadiri alivyosoma, ukumbi ulizidi kutulia, na kadiri ulivyotulia ndivyo alivyoona wazi kwamba insha hii ingeweza kumrudisha kwenye cherehani. Alipoikaribia aya ya mwisho, wazo lilimjia laini kama hariri: kohoa kidogo, ruka aya moja, nani atajua? Aliinua macho. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama kinywa chake. Wote walijua maneno aliyoyasema juu ya kijana huyu. Akijikwaa, hata kwa bahati mbaya, ni nani angemwamini? Hapo ndipo alipotambua kwamba mchawi anayengojewa na watu hawa ni yeye. Aliibeba aya ile ya mwisho kama mtu abebaye yai juu ya utelezi, akaitua salama.

Zamu ya Kinyonga ikafika. Alisoma kwa sauti ya chini, isiyo na haraka, na Sindano alimsikia mdogo wake akitembea ndani ya maneno. Kinyonga akafika pale umeme unapokatika. Akanyamaza.

Kimya kikaendelea. Mwamuzi mmoja akatazama pembeni. "Amekwama," Kicheko alinong'ona. "Amekufanyizia."

Kinyonga alifumba macho. Akanyoosha mkono taratibu, kama apapasaye gizani, akaugusa ukingo wa meza, akaushika. Ndipo akaendelea kusoma. Mwamuzi wa katikati aliweka kalamu chini, na hakuishika tena mpaka mwisho.

Jioni ile ufadhili ulitangazwa kuwa wa Sindano. Kinyonga alikuwa wa pili, kama mwaka uliotangulia. Walikutana nje, yeye amekumbatia vitabu vyake.

"Kwa nini ulinipa mimi?" aliuliza.

"Nilikuogopa," Sindano alisema.

"Najua. Ndiyo maana na mimi nilikupa yangu."

Walicheka, kisha cheko la Sindano likakatika. "Na yale ya mwaka jana?"

"Ungeuliza kwanza, ndipo useme." Hakusema kwa hasira. "Yule dada alikuwa msomaji wangu. Alikuwa akifanya mazoezi bwenini, watu wakaisikia insha kinywani mwake, wakadhani ni yake. Kabla ya siku kufika akaacha chuo, nikasomewa na mwingine."

Sindano alitazama chini. Maneno aliyoyasambaza kwa mwaka mzima yalikuwa yametoka katika utaratibu ule ule uliomwokoa yeye. "Nisamehe," alisema, na kesho yake alilirudia neno hilo katika chumba cha idara, mbele ya watu wale wale aliowatilia sumu masikioni. Hakuwa amemaliza vizuri, Kamusi akawa amesimama kando ya Kinyonga, anaulizia kwa adabu kama shindano lijalo ana nafasi ya kumsomea.

Mwana aliyepelekwa kwa rafiki alirudi ana makovu. Aliyepelekwa kwa mshukiwa alirudi amenawiri, na mlezi wake akarudi na jina safi. Aliyetoa methali hii alijua alisemalo: mchawi mpe mwana alee.