Fundi Buanali na Mtani Wake

Nyoka akiingia ndani, gongo la mpingo lililoachwa kwa shangazi halina maana. Utashika kijiti kilicho nyuma ya mlango, hata kikiwa cha mhogo. Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno matano, nasi tunayarudia kila siku huku tukitenda kinyume chake. Josefina aliyajua maneno hayo tangu shule ya msingi. Kuyajua na kuyaamini, hata hivyo, ni mambo mawili.

Josefina alikuwa binti wa Mueda, ofisa wa ustawi wa jamii, mchapakazi mwenye huruma. Mwezi wake wa nne kazini alikabidhiwa faili la mzee Buanali wa Quitunda, kijiji kipya cha watu waliohamishwa. Mzee huyu alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha pwani kilichohamishwa kupisha mradi wa gesi. Alipewa nyumba ya matofali kama wenzake. Kisha mkewe akafariki, na tangu hapo kumbukumbu zake zikaanza kumtoka moja moja. Asubuhi alikwenda kulitafuta duka lake la zamani, na akirudi hakujua nyumba ipi ni yake, maana nyumba za Quitunda zinafanana kama punje za mahindi. Mara nyingi alijilaza kitandani kwa jirani yake Catarina, mjane wa Kimakonde mwenye ulimi mkali na moyo laini.

"Buanali! Toka kitandani kwangu, watu watasema nimeolewa!"

"Nani akuoe wewe? Futi yangu yenyewe haikuzunguki kiuno!"

Hapo wote wawili hucheka mpaka machozi. Walikuwa wamefanyana watani tangu wiki ya kwanza ya ujirani, na utani wao haukujua mipaka. Baada ya kicheko Catarina humpa ugali wa mhogo na samaki, kisha humshika mkono hadi mlangoni kwake.

Josefina aliyaona hayo kwa macho yake, akatabasamu, wala hakuyaandika. Faili liliuliza ndugu, halikuuliza jirani. Na ndugu alikuwa mmoja tu, Chamsudine, mwana wa mzee, mfanyabiashara wa mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo. Tusimsingizie, alimpenda baba yake. Alipiga simu kila siku, lakini mguu wake haukukanyaga Quitunda kwa miaka mitatu.

"Dona Josefina, mlete kwenye makao ya wazee huku Pemba," aliagiza. "Huku nitakuwa karibu naye."

Josefina akakubali. Gari lingekuja Alhamisi. Siku ya Jumatano alimwomba Catarina asiende tena kwa mzee, ili aanze kuzoea kuishi bila yeye.

"Mwanangu, huko Pemba nani atamtania?" Catarina aliuliza.

"Mama, kuna wauguzi."

"Wanajua kutania hao?"

Josefina alifunga faili akaondoka, na Catarina, kwa kuheshimu ofisi, akabaki kwake.

Alhamisi Josefina alipofika na dereva, alikuta mlango wazi na kitanda kitupu. Nyuma ya mashamba ya mihogo kulikuwa na pori, na mwaka uliopita mzee mwingine aliingia humo akapatikana siku ya tatu, maiti. Alimpigia Chamsudine. Chamsudine akampigia rafiki yake wa Palma, rafiki akampigia binamu yake, na simu zikazunguka jimbo zima bila mguu hata mmoja kuingia porini. Josefina na dereva walikimbia huku na huku wakiita, "Mzee Buanali! Mzee Buanali!" Hawakujibiwa. Mzee alikwisha kuacha kuitikia jina hilo. Jua likawa kali, maji yakazidi unga, na Josefina akarudi mbio hadi kwa Catarina akilia kama mtoto.

"Nimekosa, mama. Nisaidie."

Catarina hakumkaripia. Alijifunga kapulana kiunoni, akaenda hadi mwisho wa mashamba, akapaza sauti:

"Jamani, kuna fundi mwizi huku! Kanishonea blauzi, mkono mmoja wa mtoto, mwingine wa tembo!"

Akasogea mbele zaidi.

"Na kitambaa kilichobaki kajishonea kofia!"

Kutoka porini ikaja sauti iliyokauka, yenye hasira:

"Mwongo! Kitambaa chenyewe hakikutosha kumfunika kuku!"

Walimkuta ndani ya shimo lililochimbwa udongo, miguu peku, kisigino kinatoka damu. Catarina alishuka, akampangusa mchanga usoni, akataka kumtania tena. Badala yake alimkumbatia tu.

Gari lilirudi bila abiria. Josefina alimpigia Chamsudine, akamweleza yote, hata kosa lake mwenyewe, kisha akamwambia kuwa atamwandikisha Catarina kuwa mlezi wa mzee na ofisi itamsaidia.

"Lakini yule si ndugu!" Chamsudine alilalamika. "Nipe baba nizungumze naye."

Mzee alishikishwa simu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia Catarina.

"Nani huyu?"

"Mwanao, Chamsudine."

"Anataka nguo?"

"Anataka kujua hali yako."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwambie aje nimpime. Mtu hapimwi kwa simu."

Upande wa pili ikasikika kwikwi ya mtu mzima. Jumamosi asubuhi Chamsudine alishuka kwenye gari la abiria na begi lake, akaelekezwa kwa Catarina. Baba yake hakumtambua. Hata hivyo aliinuka, akamzungushia futi mabegani polepole, na mwana akasimama wima, machozi yakimtiririka, hadi vipimo vikaisha. Ama kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.