Kitambaa Juu ya Kompyuta

Akina mama, na ninyi wanafunzi mliobanana pale nyuma, nawaletea mama mmoja.

Mume wake alikuwa mgodini, mbali, mahali ambapo mtandao hupatikana kilimani tu. Kila Jumamosi jioni mume alipanda kilima, akapiga simu. Kwa mama, wiki nzima ilikuwa njia ya kuifikia Jumamosi. Akipepeta mchele, anapanga atakalomwambia. Akifua, analisahau, anapanga upya. Sauti tu, jamani. Mnaojua kungoja sauti mnanielewa.

Nyumbani walikuwa na sola ndogo na betri moja. Masika yale jua lilichungulia tu likaondoka, kwa hiyo umeme ukawa wa kugawana kama maji ya ndoo moja.

Jumamosi moja binti yao, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, alichomeka kompyuta tangu asubuhi. Akamaliza kazi ya mwalimu, akafungulia nyimbo, akatoka kwenda kusukwa. Kompyuta ikabaki inayaimbia makochi.

Mama akaingia na ufagio. Akaiona inawaka, inavuma, ina joto. Akafikiria vumbi. Akachukua kitambaa chake cha kufuma, kile cha kufunikia redio, akaifunika vizuri, akaendelea kufagia.

Alasiri akachomeka simu, maana ilikuwa kuukuu, haikai na chaji. Kimya. Akawasha taa. Kimya. Betri imekwisha.

Akakimbilia kwa jirani mwenye jenereta. "Shemeji, nisaidie, baba watoto anapiga sasa hivi!"

"Karibu, shemeji. Ila moshi wake utaukohoa mwenyewe, mimi nimeshazoea."

Jenereta likanguruma, ua ukajaa moshi. Simu ikawaka, ikaita. Akaipokea ikiwa bado kwenye waya.

"Haloo! Mama watoto! Unanisikia?"

Alisikia jenereta. Katikati ya ngurumo aliambulia "mvua", kisha neno moja, "nakuja". Au lilikuwa "siji"? Simu ikakatika. Akapiga yeye, hapatikani. Mume ameshateremka kilima.

Binti akarudi, nywele zinameta. Mama akafoka: "Umezilisha nyimbo sauti ya baba yako!"

Binti akainamisha kichwa. Kisha akakigusa kile kitambaa. "Nimekosa, mama. Lakini hiki nani amekiweka?"

"Mimi."

"Kwa hiyo uliiona inawaka?"

"Niliiona. Kompyuta si yako?"

"Ni yangu. Na betri, mama, ilikuwa ya nani?"

Ndugu zangu, mama akakiondoa kitambaa. Sisi tutajibu nini? Mwanafunzi, umeme wa hosteli hauoti ukutani. Mahali fulani mto umezuiwa, mahali fulani kuna moshi na mtu anakohoa. Ukimaliza kusoma, zima. Kioo kikikuumiza macho kwa mwanga, punguza. Kompyuta ikizeeka, mpe fundi kabla hujaitupa jalalani. Hilo linahitaji shahada? Na sisi wazazi tunaopita na ufagio tukisema si yangu, tunafunika nini? Mungu alitupatia betri moja, dunia hii, wote tumechomeka hapo, na wapo watakaokuja jioni wakitafuta chaji kidogo tu.

Mume alirudi? Sijui. Najua Jumamosi iliyofuata kitambaa kilikuwa juu ya redio, kompyuta imezimwa, na mama amekaa, simu mapajani, anangoja.