Kisu cha Tatu cha Mama Pacha

Paukwa!
— Pakawa!
Nani yuko macho?
— Sote tuko macho!
Na anayesinzia?
— Abanwe pua!
Basi sogeeni karibu. Ngano imefika mlangoni, na viatu imeshavua.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mafundi wao na soko lao, Nguchiro alihamia kwenye Kilima cha Mawe Mekundu. Nguchiro ni mnyama mdogo, pua imechongoka, macho hayatulii. Alikuja na nyundo mgongoni na watoto wawili ndani ya kikapu. Kwa kuwa watoto hao walizaliwa siku moja, wote pale kilimani walimwita Mama Pacha.

Kazi yake ilikuwa kufua visu. Tena si visu vya kupanga chini sokoni. Ukitaka kisu kwa Mama Pacha, ulikuja mwenyewe, ukanyoosha mkono, akaupima kwa uzi. Akapima kiganja, akapima vidole, akauliza: “Unakata nini? Majani? Mizizi? Nyama?” Kisha akakufulia kisu chako wewe, si cha jirani yako.

Akawasha moto wake. Mivukuto ikaanza, fuku-fuku, fuku-fuku. Nyundo ikaanza, ngi! ngi! ngi! Naye akaimba:

“Chuma lala, chuma amka,
wanangu wanataka joto.”

Kikapu cha watoto alikiweka karibu na moto, wasipate baridi ya mawe. Maana walikuwa wamehama mara tatu tangu wazaliwe, na yule mdogo kati ya hao pacha alishaanza kukohoa.

Sasa, pale kilimani palikuwa na desturi. Fundi mgeni hakuruhusiwa kuuza kitu mpaka kisu chake kihukumiwe. Na mwamuzi wa visu alikuwa nani?

Alikuwa Fisi.

Desturi yenyewe ilikwenda hivi. Fundi analeta kisu, analeta na nyama ya kujaribia. Mwamuzi anakata nyama, anaionja. Kisha analamba kisu kutoka mpini hadi ncha, na neno la kwanza atakalolitamka baada ya kulamba, hilo ndilo hukumu. Maneno ya kabla ya kulamba ni porojo tu. Akishatamka, Mzee Kobe anapiga ngoma mara tatu, ndu! ndu! ndu! Ngoma ikishalia, hakuna wa kuirudisha hukumu, hata Fisi mwenyewe.

Kisu kikisemwa kikali, fundi anakaa. Kikisemwa butu, kinakuwa mali ya mwamuzi. Na fundi akipata butu mara tatu, moto wake unamwagiwa maji, naye anafungasha.

Nungu alikuwa fundi pale. Alifungasha. Kakakuona alikuwa fundi pale. Alifungasha. Nyumbani kwa Fisi visu vilining'inia ukutani kama popo, vyote “butu”, na Fisi alivitumia kuchuna ngozi za nyati.

Kisu cha kwanza Mama Pacha alikuwa amemfulia Swala. Akakipeleka uwanjani, pamoja na paja la mbuzi.

Fisi akakata, kwacha! Nyama ikaachana kama maji. Akala. Akakata, kwacha! Akala. Akakata mpaka paja likaisha. Kisha akalamba kisu, lambu! Akasema, “Butu.”

Ndu! ndu! ndu!

“Butu?” akasema Mama Pacha. “Bwana Mwamuzi, paja zima limekwisha!”

“Limekwisha kwa nguvu za mkono wangu,” akasema Fisi. “Kisu hakikunisaidia chochote. Mwili wote unaniuma hapa.”

Kisu cha pili alikuwa amemfulia Ngiri. Akakipeleka, pamoja na mbavu za nyumbu.

Kwacha! Akala. Kwacha! Akala. Mbavu zikaisha. Akalamba kisu, lambu! Akasema, “Butu. Tena hiki ni butu kuliko kile.”

Ndu! ndu! ndu!

Mama Pacha akarudi nyumbani. Akakaa, akasimama. Akasimama, akakaa. Akazunguka moto mara saba. Akaokota nyundo, akaiweka. Akawafunika watoto, akawafunua, akawafunika tena. Yule mdogo akakohoa, kho, kho. Mama Pacha akatazama moto wake, akaona kama tayari umeshamwagiwa maji.

Mzee Kobe akapita njiani, pole pole, amebeba ngoma yake.

“Mama Pacha, utaichimba sakafu kwa miguu hiyo. Hebu keti.”

“Nitaketi vipi, Mzee? Kimebaki kimoja. Hebu niambie, unapopiga ngoma ile, hujui kwamba anasema uongo?”

“Mimi hupiga nilichosikia,” akasema Kobe. “Sipigi ninachojua. Ningepiga ninachojua, ngoma ingepasuka zamani.”

“Basi niambie jambo jingine. Nimemtazama mara mbili. Anapolamba, halambi makali. Analamba bapa, pale palipolala. Desturi inamruhusu?”

Kobe akafikiri. Akafikiri sana. Ungeweza kupika maharagwe yakaiva.

“Desturi inasema alambe kisu kutoka mpini hadi ncha,” akasema. “Upande gani, haikusema.”

Akaenda zake. Mama Pacha akaanza kuzunguka tena, lakini safari hii alizunguka huku anafikiri. “Kwa nini analamba bapa? Kwa sababu anajua makali ni makali. Na kwa nini analamba mpaka bapa linang'aa? Kwa sababu ya mafuta. Ulimi wa Fisi unakwenda yaliko mafuta. Yakiwa bapani, utakwenda bapani. Na yakiwa kwingine?”

Akasimama ghafla. Akachukua uzi wake. Akatoka mbio hata kilemba kikabaki mlangoni.

Alimkuta Fisi amelala mbele ya nyumba yake, anachokoa meno kwa kisu cha Kakakuona.

“Hodi, Bwana Mwamuzi.”

“Umekuja kuaga?”

“Nimekuja kukupima mkono. Visu viwili vile niliwafulia wengine, ndiyo maana mkononi mwako vilikuwa butu. Cha tatu nataka kiwe chako wewe. Hata nikifukuzwa, basi niache kitu kizuri kwa mtu mkubwa.”

Fisi akafumbua jicho moja. Akajisemea moyoni, “Kisu kitakuwa changu tu. Kwa nini kisinienee?” Akanyoosha mkono.

Mama Pacha akapima kiganja. Akapima vidole. Kisha akasema, “Sasa toa ulimi.”

“Ulimi wa nini tena?”

“Ah, Bwana! Kisu cha mla mizizi hupimwa mkono peke yake. Kisu cha mla nyama aliyebobea hupimwa na ulimi pia. Hao mafundi waliopita hawakukwambia?”

“Wajinga wale,” akasema Fisi. Akautoa ulimi wote, mrefu, mwekundu, unadondosha mate. Mama Pacha akaunyooshea uzi kutoka shina hadi ncha, akafunga fundo.

“Na nyama?” Fisi akauliza. “Usiniletee tena vijibavu.”

“Nitaleta mguu wa nyati, pamoja na uboho wake.”

Fisi aliposikia uboho, masikio yalisimama yenyewe.

Mama Pacha akarudi, akavuta mivukuto. Fuku-fuku, fuku-fuku! Chuma kikawa chekundu kama pilipili. Ngi! ngi! ngi!

“Chuma lala, chuma amka,
wanangu wanataka joto.”

Haraka ikamponza. Alipokitumbukiza majini, chwaaa! kikapasuka. Akaanza upya. Nyundo ikampiga kidole. Akakinyonya kidole, akaendelea. Safari hii alikiacha chuma kipoe kidogo ndipo akakitumbukiza, nacho kikatulia. Akakinoa juu ya kinoo, sii, sii, sii, mpaka unywele ulioangushwa juu yake ukawa nywele mbili. Kisha akachukua tindo nyembamba, na kila upande wa bapa akachimba michirizi midogo, yote ikiteremka kutoka mgongoni kuelekea makalini. Urefu wa kisu aliupima kwa ule uzi wenye fundo.

Siku ya hukumu uwanja ulijaa. Mama Pacha alikuja na kikapu chake mgongoni, maana hakujua kama baada ya hapo angekuwa na pa kukirudisha. Wenyeji walikuwa wameshaandaa mitungi miwili ya maji ya kuzimia moto.

Fisi akashika kisu. Kikamwenea kama kimeota mkononi mwake. Akajikaza asitabasamu.

“Hee! Kizito hiki,” akasema. “Nakiona butu tangu sasa.”

“Porojo,” akasema Kobe, mkono kwenye ngoma. “Hujalamba.”

Fisi akakata mguu wa nyati, kwacha! Nyama ikaachana. Akala. Akagonga mfupa, pwa! Mfupa ukafunguka, uboho ukatoka, unafuka mvuke. Akaukata, akala. Akaukata, akala. Nao uboho uliobaki kisuni ukaingia kwenye michirizi, ukateremka taratibu, ukajipanga pale makalini kama siagi ukingoni mwa sahani. Bapa likabaki kavu.

Mama Pacha alihesabu pumzi zake. Mtoto akakohoa mgongoni, kho, kho.

“Lamba, Bwana Mwamuzi,” akasema Kobe.

Fisi akageuza kisu, akalamba bapa kidogo. Kavu. Akageuza upande wa pili, akalamba. Kavu. Pua yake ikanusa, nfu, nfu. Uboho! Uko wapi? Uko pale! Akili ikamwambia, “Acha.” Lakini ulimi haukusubiri akili. Ulimi ukatoka wote, ukashika makali kutoka mpini hadi ncha, tena ukatosha barabara, maana kisu kilipimwa kwake.

Lambuuu!

“KIKALI!” akapiga yowe Fisi. “Uwii, mama yangu! Kikali! Kikali!”

Ndu! ndu! ndu!

“Mwamuzi ametamka,” akasema Kobe. “Kisu ni kikali.”

Fisi akashika mdomo kwa mikono miwili. Akaruka huku na huku. Akataka kusema butu, lakini ulimi ulikuwa umeshavimba. “Buu!” akasema. “Buuu-u! Buuu-u!”

“Anasemaje?” akauliza Swala.

“Sijui,” akasema Kobe. “Ila ngoma imeshalia.”

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Mitungi ya maji wakainywa wenyewe, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameshatoka mbio kurudi nyumbani kuangalia kama moto bado unawaka. Ulikuwa unawaka. Akaweka kikapu pale pale karibu na moto. Akakaa. Akasimama, akasogeza kaa moja. Akakaa tena, na safari hii hakusimama.

Tangu siku hiyo Fisi huzunguka porini akilia, “Buuu-u! Buuu-u!” Analitafuta lile neno mpaka leo, na herufi zake za mwisho hajazipata.

Baada ya wiki mbili akaja kwa Mama Pacha, ulimi umefungwa kitambaa, akaashiria kwa mkono kwamba anataka kijiko cha uji. Mama Pacha akachukua uzi.

“Karibu, Bwana Mwamuzi. Fungua mdomo nikupime.”

Fisi alikimbia, uji akaulia kwenye gome la mti.

Ngano ilikuja na viatu mkononi, sasa inavivaa iondoke. Mliocheka, mmelipa. Msiocheka, mtalipa kwa kuosha vyombo.

Na funzo? Msinitazame hivyo, funzo lipo. Funzo ni hili, wanangu: mwaminini mwamuzi, kwa kuwa hatimaye husema kweli. Nanyi mkiwa na shauri kwake, mpelekeeni mafuta, hapana ubaya wowote. Ila angalieni tu mmeyapaka upande gani.