Sindano Aliyoikimbia Karugendo

Alfajiri hiyo ya Novemba mtaa wa Kibeta uliamka kwa kelele moja: "Senene! Senene wameshuka!" Watoto walitoka na ndoo, akina mama na vitenge, na migomba yote, iliyojaa panzi hao watamu, ikageuka kijani mara mbili. Karugendo naye akatoka mbio, binti yake Hellen wa miaka minne akiwa mabegani mwake.

"Baba Hellen, mrudishe mtoto!" mkewe Benigna alimsihi kutoka mlangoni, kichanga Anatory akiwa mgongoni. "Umesahau alivyosema nesi?"

"Mtoto aliyeishinda surua atatishwa na nini tena? Huyu sasa ni chuma cha pua!"

"Tata, pale! Wengi!" Hellen alipiga kelele, na baba akapaa.

Karugendo alikuwa na moyo laini kama ndizi iliyoiva. Hellen alipochanjwa mara ya kwanza, alilia hadi pumzi zikamkatika, na kilio kile kilimchoma baba kuliko sindano ilivyomchoma mwana. Siku ya chanjo ya surua ilipowadia, alimtoa kwenye foleni, akamnunulia andazi, akasema watakuja siku nyingine. Siku nyingine haikuja. Surua ikaja.

Hellen alipopona, vigelegele vilijaa nyumbani. Nesi Annastella pekee hakushangilia sana.

"Baba Hellen, wewe ni sungusungu, unalinda mtaa usiku. Wezi wa mtaa huu unawajua?"

"Hata gizani, kwa mwendo wao!"

"Mwili nao una sungusungu wake. Wanakumbuka magonjwa waliyokwisha kupambana nayo. Surua huwafutia kumbukumbu nyingi. Mwizi wa zamani akirudi, wanamwona mgeni. Kwa muda mrefu, mwepushe na wenye kikohozi. Akianza kukohoa, mlete mbio."

Karugendo alicheka njia nzima. Sungusungu gani anamsahau mwizi wake?

Basi asubuhi ile ya senene, Hellen aliinamia ndoo moja na watoto wa jirani waliokuwa wakikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida, na cha namna hiyo alikwisha kukishinda mwaka uliopita huku akicheza. Safari hii kilimwangusha. Siku chache baadaye mbavu zake zilikuwa zikibonyea kila alipovuta pumzi, na midomo imefifia rangi.

Karugendo alimkumbatia akaruka juu ya bodaboda. "Kimbiza, kijana! Kimbiza!" Mteremko wa kwenda mjini Bukoba haukuwahi kuwa mrefu hivyo.

Ilikuwa nimonia. Yule aliyemtorosha mwanawe asichomwe sindano moja, sasa alimshika kwa mikono yake mwenyewe achomwe asubuhi na jioni.

"Tata, nimekosa nini?" Hellen aliuliza kwa sauti ndogo.

Karugendo alilia mbele ya wodi nzima, machozi yakimtiririka kama mvua ya masika. Hakujali aliyemtazama.

Kisha asubuhi moja pumzi zikatulia. Hellen akafumbua macho, akamtazama baba yake kwa ukali. "Senene wangu mmewala?"

"Wapo! Mama yako kakuwekea!" Karugendo aliruka, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Anatory alipotimiza miezi tisa, Karugendo alifika kliniki kabla ya mlango kufunguliwa, mwana mkono mmoja, Hellen mkono mwingine.

"Jamani, baba wa andazi kaja!" akina mama wakamtania.

"Andazi lipo, ila sindano kwanza!"

Nesi Annastella akachoma. Anatory akapiga yowe lililowaamsha mbwa barabarani. Karugendo alimshika imara, akitabasamu hadi masikioni.

Hellen alimtazama kwa mshangao. "Tata, Anatory analia! Mbona wewe hulii?"

"Mimi nililia zamu yangu, mwanangu," alimjibu. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye."